Kabla ya kubishania herufi kubwa, tuamue jina lina kazi gani

Programu zinazotumia akili mnemba kusafisha makusanyo ya muziki zimeenea haraka. Unaikabidhi programu folda yenye maelfu ya nyimbo zilizoandikwa ovyo, na baada ya muda mfupi kila jina limenyooshwa: herufi kubwa zimewekwa, "ft" na "featuring" zote zimekuwa "feat.", nafasi za ziada zimeondoka, mabano yaliyoachwa wazi yamefungwa. Baadhi ya watunzaji wa kanzidata wameanza kusema kwamba ule mjadala wa miaka mingi kuhusu namna ya kuandika majina ya nyimbo na wasanii umefika mwisho, kwa kuwa mashine itaandika vyovyote tutakavyoiamuru. Nadhani hapo pana kutoelewana. Mashine imekuwa hodari wa kunyoosha mwandiko, lakini mwandiko ulikuwa dalili tu ya ugomvi. Chanzo chake ni kwamba watu wawili wanaobishana juu ya jina moja aghalabu wanataka jina hilo liwafanyie kazi mbili tofauti, na hakuna anayesema waziwazi ni kazi ipi.

Katika kanzidata ya muziki jina hubebeshwa kazi tatu. Linashuhudia kilichochapwa kwenye jalada, linamtambulisha mtu au kazi yake, na linasaidia kupanga na kutafuta. Kila kazi inataka maandishi yake. Chukua Siti binti Saad. Santuri moja inaweza kumwandika hivyo, nyingine ikatumia herufi kubwa tupu, nyingine ikaandika "bint" badala ya "binti". Huo ni ushahidi wa kila santuri, na hauna kosa la kusahihishwa. Mtu mwenyewe ni mmoja, na alizaliwa akiitwa Mtumwa. Hilo ni suala la utambulisho. Kisha kuna ufunguo wa kupangia, yaani maandishi yanayoamua jina likae wapi katika orodha ya kialfabeti, na hapo ndipo kizaazaa kinapoanza, kwa sababu programu nyingi huchukua neno la mwisho na kulitanguliza, ikapatikana "Saad, Siti binti", yaani mwimbaji amewekwa kwenye rafu ya baba yake. Msimamo wangu ni huu: kanzidata inayozibebesha kazi hizi tatu safu moja itagombaniwa daima, na mashine ikikabidhiwa safu hiyo itaumaliza ugomvi kwa kufuta ushahidi.

Mazoea ya kubana kila kitu mahali pamoja yana historia. Tagi za kwanza za faili za MP3 (tagi ni maelezo ya wimbo yanayohifadhiwa ndani ya faili yenyewe), yaani ID3v1 ya mwaka 1996, zilikuwa kipande cha baiti 128 kilichobandikwa mwishoni mwa faili: baiti 3 za kuitambulisha tagi yenyewe, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo na 1 ya aina ya muziki. Kwa nafasi 30 kufupisha kulikuwa lazima, na majina yaliyokatwa katikati ya neno bado yamo katika makusanyo ya leo. Katika freedb, ambako programu za kunakili CD zilikuwa zikichukua majina, msanii na albamu viliandikwa kwenye mstari mmoja vikitenganishwa na mkwaju (/) wenye nafasi pande zote mbili. Toleo la ID3v2.3 likaruhusu wasanii kadhaa katika sehemu moja, nalo likachagua mkwaju kuwa kitenganishi. Programu iliyotii kanuni hiyo neno kwa neno iliigawa bendi ya AC/DC kuwa wasanii wawili, AC na DC. ID3v2.4 ya mwaka 2000 iliachana na mkwaju ikatumia baiti ya sifuri, lakini faili za toleo la 2.3 zinaendelea kuandikwa hadi leo, na mkwaju wake umo humo.

Kosa hili hujirudia kwa sura nyingine kila alama ya uandishi inapopewa kazi ya mashine. Ukiamua kwamba mkato na alama ya "&" zinatenganisha wasanii, Earth, Wind & Fire watakuwa watu watatu, na Tyler, The Creator atagawanyika vipande viwili. Ukiamua kwamba kistari chenye nafasi pande mbili kinatenganisha msanii na wimbo, wimbo wowote wenye kistari katika jina lake utavunjika. Majina ya faili nayo yana masharti yake: Windows hukataa herufi tisa ndani ya jina la faili, zikiwemo mkwaju, nukta pacha, kiulizi na alama za kunukuu, kwa hiyo folda ya AC/DC huitwa AC_DC. Hilo halina ubaya, mpaka mtu apoteze tagi na kuzijenga upya kutoka kwenye majina ya folda. Hapo kanzidata inapata msanii mpya ambaye hajawahi kuwepo.

Sasa turudi kwenye pande zinazobishana. Upande wa kwanza unasema: andika kama jalada lilivyoandika. Hoja hii ina uzito kuliko inavyopewa sifa. Tofauti ndogo za uchapaji ndizo zinazomsaidia mkusanyaji kutofautisha toleo la kwanza na la pili la santuri ileile, na kosa la herufi lililochapwa mwaka fulani ni habari juu ya mwaka huo. Udhaifu wake ni kwamba jalada halisemi kwa sauti moja. Jalada la mbele, mgongo wa kasha, orodha ya nyuma na kibandiko cha katikati ya santuri vinaweza kutoa miandiko minne ya wimbo mmoja. Tena msanifu wa jalada hutumia herufi kubwa tupu kwa sababu zinapendeza machoni, bila kukusudia kwamba jina la wimbo liko hivyo. Anayetaka uaminifu kwa jalada inabidi aseme ni sehemu gani ya jalada inayoshinda zinapotofautiana, na aiandike kanuni hiyo kabla ya kuingiza rekodi ya kwanza.

Upande wa pili unataka mwandiko wa namna moja. Bila huo huwezi kuhesabu, huwezi kuunganisha rekodi mbili za wimbo mmoja, na huwezi kumlipa mtunzi kwa uhakika. Hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba "namna moja" mara nyingi humaanisha namna ya Kiingereza. Discogs, kanzidata ya muziki ya mtandaoni, kwa miaka mingi ilishika kanuni ya kukuza herufi ya kwanza ya kila neno. MusicBrainz, kanzidata nyingine ya aina hiyo, hufuata kanuni za lugha ya jina lenyewe. Mimi niko na hawa wa pili, na sababu yangu haihusu urembo. Tuchukue jina la kubuni: "Nangoja kwa subira". Mtu huyu anavumilia. Andika "Nangoja kwa Subira", na sasa mtu huyu yuko nyumbani kwa Subira. Kiswahili kimejaa majina ya watu ambayo ni maneno ya kawaida, kama Neema, Tumaini, Baraka, Nuru na Furaha, na herufi kubwa ndiyo pekee inayotofautisha maana katika maandishi. Mwandiko wa sentensi, yaani herufi kubwa mwanzoni na kwenye majina ya pekee tu, huitunza tofauti hiyo. Mwandiko wa kukuza kila neno unaifuta, na ikishafutwa hakuna programu itakayoirudisha bila mtu kuusikiliza wimbo. Herufi kubwa tupu ni mbaya zaidi. Katika Kijerumani "ß" ikikuzwa huwa "SS", na ukiipunguza tena unapata "ss", si ile ya mwanzo. Katika Kituruki kuna "i" yenye nukta na "ı" isiyo nayo, na kila moja ina herufi yake kubwa. Programu isiyojua lugha ya jina huzichanganya bila kutoa onyo lolote.

Kuna upande wa tatu, wa nia ya msanii, unaopata nguvu kadiri wasanii wanavyozidi kutoa nyimbo zenye majina ya herufi ndogo tupu. Hapa napendekeza kipimo kimoja: je, msanii huandika hivyo hata katikati ya sentensi ya kawaida, au ni kwenye picha ya jalada tu? Mwimbaji k.d. lang ni herufi ndogo popote anapotajwa. Tarakimu 5 ya msanii deadmau5 ni sehemu ya jina, na kuibadilisha kuwa "s" ni kumpa jina jingine. Mahali pa "deadmaus" ni kwenye orodha ya lakabu ili anayetafuta hivyo ampate. Lakini jina la wimbo lililoandikwa kwa herufi ndogo kwenye jalada moja, kisha likaandikwa kawaida katika maelezo ya msanii mwenyewe, halidai chochote. Na kuna pale nia ya msanii inaposhinda kanzidata yenyewe: mwaka 1993 Prince alichukua alama badala ya jina, alama ambayo haikuwa herufi katika mfumo wowote wa kompyuta. Kanzidata iliyotumia jina kuwa ufunguo wa rekodi haikuwa na la kuandika. Iliyotumia namba haikupata shida, kwa sababu msanii alibaki msanii namba fulani, na jina likawa moja ya sifa zake tu.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi sasa: kwamba mitambo ya kutafuta imekuwa na akili, ukikosea herufi bado wimbo utaupata, kwa hiyo mwandiko hauna maana tena. Wanaosema hivi wanasahau kwamba msamaha huo ni kanuni iliyoandikwa na mtu. Mahali fulani kuna nakala ya jina ambayo imeondolewa herufi kubwa na alama za juu, na kuna aliyeamua kwamba "é" na "e" zichukuliwe kuwa kitu kimoja. Zaidi ya hapo, kutafuta kuna uvumilivu ambao kazi nyingine hazina. Anayetafuta huonyeshwa majibu kumi, akachagua kwa jicho lake. Anayeunganisha rekodi, kuhesabu mara ambazo wimbo umechezwa au kugawa mirabaha hupata jibu moja tu, na hakuna jicho la kuamua. Ndiyo maana tasnia ilibuni namba zisizo na jina ndani yake. ISRC ina herufi na tarakimu 12 nayo hutambulisha rekodi. ISWC hutambulisha utunzi. ISNI, yenye tarakimu 16, hutambulisha mtu au kundi. Zimekuwepo kwa sababu majina peke yake yalishindwa, na uwezo wa mashine kukisia haujaondoa sababu hiyo.

Akili mnemba ina udhaifu wake wa ziada hapa. Hujifunza kutoka kwa kilicho kingi, kwa hiyo huvuta jina adimu kuelekea jina la kawaida. Saidi anakuwa Said, Rashidi anakuwa Rashid, na matokeo yanapendeza machoni kiasi kwamba hakuna anayeyatilia shaka. Programu ya zamani isiyo na akili ilipokosea ilikosea kwa kuonekana: katika lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, amri ya kukuza maneno huhesabu ritifaa (') kuwa mpaka wa neno, kwa hiyo "ng'ombe" hutoka "Ng'Ombe", na kila anayesoma Kiswahili anaona papo hapo kwamba kuna kilichoharibika. Kosa lililopendeza ni hatari zaidi, na likiandikwa juu ya maandishi ya awali halina dawa.

Kwa hiyo kanzidata ijengwe vipi? Jedwali la wasanii liwe na namba ya kudumu, jina kuu, ufunguo wa kupangia na maelezo mafupi ya kutofautisha wenye majina sawa. Maelezo hayo yasiingizwe ndani ya jina. Discogs huongeza namba kwenye mabano baada ya jina, njia inayofanya kazi ndani ya Discogs lakini huacha takataka pindi data inapohamishwa, maana tagi ya faili inabaki na msanii anayeitwa kwa jina lenye "(2)". Lakabu zikae katika jedwali lake, nyingi kadiri zilivyo. Kisha kuwe na jedwali la utajo, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalosahauliwa zaidi: kwa kila wimbo linaandika wasanii kwa mpangilio, namba ya kila mmoja, jina kama lilivyotajwa kwenye toleo hilo, na maneno yanayowaunganisha. Maneno hayo, yawe "na", "&", "feat." au "akimshirikisha", huhifadhiwa kama yalivyo kwa ajili ya kuonyeshwa tu. Mashine haiyasomi, kwa sababu tayari ina namba za wasanii. Hapo ugomvi wa "ft" na "feat." unakosa pa kusimama, na jina la wimbo linabaki jina la wimbo bila mgeni ndani yake.

Maelezo ya toleo, kama "live" au "remix", yana utata wake. Yakiwa yamechapwa, yabaki kwenye mabano baada ya jina. Yakiwa ni nyongeza ya mtunzaji ili ajue ni rekodi ipi, yaende kwenye maelezo ya kutofautisha. Kuyachanganya mawili haya ndiko kunakosababisha wimbo mmoja uwe na mabano matatu yanayofuatana. Muziki wa kiklasiki unahitaji safu ya mtunzi iliyojitenga na ya mwimbaji, pamoja na jina la kazi kubwa lililojitenga na la sehemu yake. Zaidi ya hapo kanuni ni zilezile.

Ufunguo wa kupangia uandikwe na mtu, au ukikisiwa na mashine uwekewe alama ya kusubiri kuthibitishwa. Kanuni ya kutupa kibainishi cha mwanzo, ile inayofanya The Beatles wapangwe kwenye B, inafanya kazi pale tu lugha inapojulikana. "Die" ni kibainishi katika Kijerumani, ilhali katika Kiingereza ni kitenzi chenye maana nzito. "La" hutupwa katika Kifaransa na Kihispania, lakini wimbo wa Kiswahili unaoanza na "La mgambo" ukitupiwa neno lake la kwanza unabaki na kipande. Kwa majina ya watu ni vivyo hivyo: Beethoven hupangwa kwenye B na "van" yake ikafuata nyuma, Bartók Béla katika Kihungaria tayari ametanguliza jina la ukoo, Bi Kidude hana ukoo wa kutangulizwa, kwa kuwa jina lake halisi ni Fatuma binti Baraka na "Bi" ni neno la heshima. Kwa majina yenye "bin" na "binti" napendekeza yapangwe kwa jina la kwanza bila kugeuzwa, na neno hilo liandikwe kwa herufi ndogo. Kwa sababu hizi safu ya lugha ni ya lazima kwa kila jina la wimbo, na ijazwe kabla herufi yoyote haijakuzwa wala kupunguzwa. Kwa ala tupu upo msimbo wa kimataifa wa "zxx", unaomaanisha kwamba hakuna maneno ya lugha yoyote.

Linabaki tabaka la chini kabisa, la herufi zenyewe. Herufi "é" inaweza kuhifadhiwa kama alama moja ya Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, au kama "e" ikifuatiwa na alama ya juu inayosimama peke yake; kwa macho ni kitu kimoja, kwa mashine ni mifuatano miwili tofauti, ya baiti 2 na baiti 3 katika UTF-8, njia ya kawaida ya kuziandika namba hizo kwa baiti. Amua umbo moja, kwa kawaida lile la muungano liitwalo NFC, na uligeuze kila jina linapoingia. Ritifaa ina sura zaidi ya moja: ile iliyonyooka ya kibodi, ile iliyopinda ambayo simu huiweka yenyewe, na nyingine zinazofanana nayo. Zilizochapwa zihifadhiwe katika sura iliyopinda au iliyonyooka, yoyote utakayoichagua, mradi nakala ya kutafutia izilete zote kwenye sura moja. Ukiona "Ngâ€™ombe" mahali fulani, ujue ritifaa iliyopinda iliandikwa kwa UTF-8 ikasomwa na programu inayodhani ni mfumo wa zamani wa Windows. Rekebisha usomaji kwanza, maana ukisafisha jina kwa mkono kosa litarudi faili ijayo.

Hakuna kati ya haya kinachomkataza mtu kutumia akili mnemba. Inaweza kupendekeza lugha, kukisia ufunguo wa kupangia, na kuonyesha rekodi mbili zinazofanana, na katika kazi hizo hupunguza siku nyingi za kuchosha. Sharti ni kwamba ipewe safu za kukisia na inyimwe safu ya ushahidi, na kila pendekezo lake liandikwe pamoja na tarehe na kilichokuwepo kabla. Wanaoanza sasa wana nafasi nzuri kuliko wenye makusanyo makubwa ya zamani, ambako kubadilisha jina la folda moja kunaweza kuvunja orodha zote za kuchezea zilizoelekezwa kwenye njia ya faili ile.

Kabla ya kuiachia programu mkusanyiko wote, tengeneza faili ya majaribio yenye majina magumu kama 40: yenye mkwaju, mkato, ritifaa, tarakimu, herufi ndogo tupu, "binti", maandishi ya Kijapani, "é" ya namna zote mbili. Yaingize, yatoe, kisha linganisha baiti kwa baiti. "Ng’ombe" yenye ritifaa iliyopinda ni baiti 9. Yenye iliyonyooka ni 7. Jina lililoingia na 9 likitoka na 7, programu imebadilisha maandishi bila kuuliza, na ni heri hilo lijulikane kwenye majina 40 kuliko kwenye laki moja.